Kilo 75 kwa Chaguo la 10: Hoja ya Mwili Mdogo na Tulipokosea Hesabu

Nianze kwa kukiri, maana sehemu kubwa ya makala hii inanikosoa mimi mwenyewe. Aprili 2021 nilikuwa Marekani kwa masomo ya uzamili ya takwimu, nikiishi chumba kimoja na Mkenya mmoja shabiki wa kufa wa Philadelphia Eagles. Timu yake ilipomchagua DeVonta Smith nilimcheka. Nikamwambia: kaka, huyu ni kimbaumbau. Mtu wa kilo 75 kwenye mchezo wa watu wa kilo 110, mnamchukua namba 10? Yeye akajibu kwa utulivu, "Ngoja tu, utaona." Tukawekeana dau la nyama choma.

Dau nimeshindwa, hilo halina mjadala. Ila kilichonifanya niandike ni kwamba nilishindwa huku nikiwa na shahada inayonifundisha kutofanya kosa lile lile nililofanya. Na siyo mimi peke yangu. Wachambuzi wengi waliomtilia shaka walitumia hoja yenye sura ya sayansi, yenye mizani na jedwali na majina ya waliotangulia. Hebu tuikague hoja yenyewe.

Kwanza, kwa msomaji ambaye futiboli yake ni ya Simba na Yanga. Kila mwaka, mwezi wa nne, timu 32 za ligi ya futiboli ya Marekani, NFL, huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni. Iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita inaanza. Shughuli hiyo inaitwa drafti, na siyo ile ya vizibo vya soda kijiweni, ingawa nayo ina kula na kuliwa. Smith ni mdakaji: kazi yake ni kukimbia njia aliyopangiwa, kumpoteza beki, na kudaka mpira anaorushiwa kutoka nyuma. Akishadaka, na mara nyingine hata kabla miguu haijatulia, kuna mtu anakuja kumwangusha. Ndiyo maana watu wanauliza uzito.

Namba ya chaguo siyo heshima tu. Tangu makubaliano ya 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, mshahara wa mchezaji mpya unafuata nafasi aliyochaguliwa. Kwa namba 10 mwaka ule ilikuwa takriban dola milioni 20 kwa miaka minne. Lakini kwa timu, fedha siyo maumivu makubwa. Maumivu ni kwamba nafasi ya juu unaipata mara moja kwa mwaka, na kila unayemchukua kuna mwingine umemwacha. Kijana naye ana lake: akiteremka nafasi kumi kwa sababu ya mizani, anapoteza mamilioni ambayo pengine hatayapata tena, maana mwili wake unaweza kuvunjika wiki ya pili.

Sasa tumwone mtu mwenyewe. Anatoka Amite, mji mdogo wa Louisiana. Akiwa Chuo Kikuu cha Alabama, Januari 2018, ndiye aliyedaka mpira wa yadi 41 katika muda wa nyongeza uliowapa ubingwa dhidi ya Georgia, tena akiwa mwaka wa kwanza. Msimu wa 2020 alidaka mipira 117, yadi 1,856, tachidauni 23. Akapewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mdakaji wa kwanza kuipata tangu Desmond Howard mwaka 1991. Kwenye fainali dhidi ya Ohio State alidaka mipira 12, yadi 215, tachidauni 3, na yote hayo kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili akaumia kidole, akatoka. Wenzake wakamaliza kazi, 52 kwa 24.

Kisha ikaja mizani. Kwenye Senior Bowl, wiki ya maonyesho ya wachezaji wanaomaliza chuo, alikataa kupimwa, na watu wakaanza kunong'ona. Aprili, kwenye vipimo vya afya vya Indianapolis, akapanda: pauni 166, yaani kilo 75 na ushee, urefu kama sentimita 183. Ghafla yadi 1,856 zikasahaulika. Mazungumzo yote yakawa kilo.

Hoja ya kwanza iliyotajwa, na ndiyo iliyonipendeza mimi, ilikuwa ya fizikia. Mwili mwepesi ukigongana na mzito, mwepesi ndio unaumia. Sawa. Lakini kiasi gani? Nilikuwa nasema "ataumia" bila kukaa na kalamu. Tukae nayo sasa.

Chukua mgongano mbaya kabisa: mdakaji anakuja mbele kwa mita 8 kwa sekunde, beki wa kilo 95 anamjia usoni kwa mita 6 kwa sekunde, wanashikana na kubaki pamoja. Kinachoumiza, kwa makadirio ya kwanza, ni jinsi kasi ya mwili wako inavyobadilika ghafla. Unachukua kasi ya wote wawili, ambayo ni mita 14 kwa sekunde, unaizidisha kwa uzito wa beki uliogawanywa kwa jumla ya uzito wa wote wawili. Kwa mdakaji wa kilo 75 unapata badiliko la mita 7.8 kwa sekunde. Mpe kilo 15 zaidi, awe wa kilo 90, mwili ambao hakuna mchambuzi angeulalamikia: unapata 7.2.

Rudia kusoma hizo namba mbili. Kilo 15 za nyama zimepunguza pigo kwa asilimia 8 tu. Siyo nusu, wala robo.

Sasa badilisha kitu kimoja: mwelekeo. Mdakaji yule yule wa kilo 75 anakimbia kwenda mbele kwa mita 8, beki yule yule anamfukuzia kwa nyuma kwa mita 9. Tofauti ya kasi zao ni mita 1. Badiliko la kasi kwa mdakaji linakuwa kama 0.6. Kutoka 7.8 mpaka 0.6, bila kuongeza hata gramu moja. Kwa maneno mengine, swali zito siyo "ana kilo ngapi" bali "anapigwa kutoka wapi, na mara ngapi". Mdakaji anayejua kujiviringa, kulala chini mpira ukishaingia mkononi, au kumwacha beki hatua mbili nyuma, anajilinda kuliko anayekula ugali sahani tatu.

Nisiipigie hesabu hii debe kupita kiasi. Binadamu si madonge ya udongo. Misuli inalinda viungo, na goti linavunjika kwa kupindwa zaidi kuliko kwa kugongwa. Halafu kuna eneo ambalo uzito unahesabika kwelikweli: kwenye msongamano, pale mdakaji anapotakiwa kumzuia beki ili mwenzake apite na mpira. Pale huwezi kukwepa, umetumwa ukagongane. Tank Dell wa Houston, aliyechaguliwa raundi ya tatu mwaka 2023 akiwa na kilo 75 kama Smith ila mfupi zaidi, alivunjika mguu Desemba ile ile kwenye kazi ya kuzuia karibu na mstari wa goli. Mwaka uliofuata akaumia goti vibaya sana, safari hii kwa kugongana na mwenzake wa timu yake mwenyewe. La kwanza ningelihesabu dhidi ya mwili mdogo. La pili, jamani, hata mtu wa miraba minne asingepona.

Hoja ya pili ilikuwa ya historia, na hapa ndipo mtu wa takwimu nilipaswa kuona haya. Watu walitaja majina. Tavon Austin, namba 8 mwaka 2013, hakufikia matarajio. John Ross, namba 9 mwaka 2017, majeraha yakamla. Marquise Brown, namba 25 mwaka 2019, kilo 75 vile vile. Basi, wadogo hawafai.

Angalia kilichotokea hapo. Austin alikuwa mfupi, kama sentimita 174, kwa kilo karibu 79. Gawanya uzito wake kwa urefu mara urefu, kipimo kile kile wanachokuandikia kliniki, unapata karibu 26. Smith ni 22.5. Ross alikuwa na kilo 85! Alichosifiwa ni mbio, sekunde 4.22 kwa yadi 40, na yadi 40 za kukimbia peke yako bila mpira wala beki zinasema machache kuhusu kudaka. Kwa hiyo "wadogo" ni kapu lililojaa watu wa aina tatu: mfupi aliyejaa, mwenye mbio tupu, na mrefu mwembamba. Kuwachanganya ni sawa na kusema pikipiki hazifai kwa sababu bajaji yako imeharibika.

Halafu idadi. Wadakaji wa chini ya kilo 77 waliowahi kuchaguliwa raundi ya kwanza ni wa kuhesabu kwa vidole. Tuseme, kwa mfano tu, umepata kumi na wanne kati yao wameshindwa. Utasema asilimia 40 wanashindwa. Ukiweka ukingo wa kawaida wa shaka kwenye namba hiyo, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 12 na 74. Hiyo siyo habari, hiyo ni ramli. Na wanene nao hushindwa, ila hakuna anayesema "tatizo ni unene". Eagles hao hao mwaka 2019 walichukua raundi ya pili J.J. Arcega-Whiteside, mdakaji wa zaidi ya kilo 100, mwili jumba. Misimu mitatu, mipira 16. Mwaka 2020 wakamchukua Jalen Reagor namba 21, kilo 93, wakamwacha Justin Jefferson aliyekwenda namba 22 na kuwa mmoja wa wadakaji bora wa kizazi chake. Hakuna hata mmoja wa waliofeli pale aliyefelishwa na mizani.

Lakini kosa kubwa zaidi, lile ninalotaka uondoke nalo hata kama hutaangalia mchezo huu maisha yako yote, ni la kumhukumu mtu mara mbili kwa kitu kimoja.

Fikiria hivi. Kwa nini tunaogopa uzito mdogo? Kwa sababu tunadhani utamzuia asifanye kazi: mabeki watamsukuma pale mwanzo, hatafika anakotakiwa, hatadaka kwenye msongamano. Sawa, hayo ni mambo yanayopimika kwa kumwangalia akicheza. Na tulikuwa na misimu minne ya kumwangalia. Zile yadi 1,856 hakuzidaka akiwa na kilo 90 halafu akakonda. Alizidaka na mwili ule ule. Hasara ya wembamba wake, kwa kiasi ilichokuwepo, ilikuwa tayari imo ndani ya namba hizo. Ukichukua namba zake, kisha ukapunguza tena kwa sababu ya mizani, umemkata kodi mara mbili kwenye mshahara mmoja.

Muggsy Bogues alikuwa na sentimita 160 na alicheza NBA misimu 14. Ukisema "watu wa sentimita 160 hawawezi kucheza NBA" uko sahihi kwa watu wote wa mtaani kwenu. Ila ukishajua kwamba huyu ameshafika pale na anawapokonya mipira, kauli yako haikusaidii tena kumjua. Mwembamba aliyefika mpaka mlango wa raundi ya kwanza ameshachujwa na chujio kali kuliko wenzake. Kuna kitu alichonacho kinachofidia, la sivyo asingefika. Kwa Smith kitu hicho kilionekana kwa macho: miguu inayobadili mwelekeo bila kupunguza mwendo (hapo wepesi unasaidia, kusimamisha kilo 75 kunahitaji nguvu pungufu kuliko kusimamisha 90), na mikono isiyoangusha.

Kuna jibu moja la maana kwa hoja yangu, na wenye shaka makini walilitoa. Chuoni siyo NFL. Mabeki wengi wa vyuoni hawatafika ligi kuu, kwa hiyo namba za chuo zimepatikana dhidi ya dhaifu. Nakubali. Ndiyo maana unatakiwa uangalie alifanya nini dhidi ya wale waliofika. Na hapa kuna kitu kilichokuwa mbele ya macho yetu: usiku ule ule wa drafti, chaguo la 9, moja kabla ya Smith, lilikuwa Patrick Surtain, beki aliyechukuliwa na Denver. Anatoka Alabama. Hawa wawili walikuwa wenzake mazoezini misimu mitatu. Makocha wa NFL walikuwa na njia ya kujua Smith anafanyaje dhidi ya beki wa daraja la juu, na simu haina gharama.

Ungeniuliza leo, kwa kutumia yaliyojulikana Aprili 2021 pekee, kama ni sahihi kumchukua mapema, nitajibu ndiyo. Swali lililostahili kubishaniwa halikuwa la kilo. Lilikuwa la bei. Eagles walikuwa na namba 12. Wakihofia kwamba New York Giants wenye namba 11 wangemwahi, waliwapa Dallas namba 12 pamoja na chaguo lao la raundi ya tatu ili wapande nafasi mbili. Dallas wakaitumia 12 kumchukua Micah Parsons, ambaye msimu ule ule akawa mchezaji mpya bora upande wa ulinzi, na kwa miaka minne akawa anawasumbua Eagles hao hao mara mbili kwa msimu. Mdakaji mzuri au mshambuliaji wa mrushaji mwenye kipaji cha nadra? Hapo ndipo wachambuzi wangetumia wino wao. Mimi binafsi ningesema Parsons, na rafiki yangu akisoma hapa ataacha kunipigia simu kwa wiki nzima. Ila tulikuwa tumeshika mizani, hatukufika huko.

Yaliyofuata yanajulikana, na nayataja kwa tahadhari kwa sababu matokeo mazuri hayathibitishi kwamba uamuzi ulikuwa mzuri. Unaweza kuvuka barabara umefumba macho ukafika. Misimu minne ya kwanza Smith alicheza mechi 63 kati ya 68 za ligi ya kawaida. Mipira 308, yadi 4,011, tachidauni 27. Ja'Marr Chase, aliyechukuliwa namba 5 mwaka ule ule, kilo 91, ambaye hakuna aliyeutilia shaka mwili wake, alicheza 62 kwa muda huo huo, kwa sababu nyonga ilimweka nje 2022. Chase ana namba kubwa zaidi kwa kila kitu kingine, sisemi wanalingana. Nasema wale waliotabiri nani atakaa benchi kwa majeraha kwa kutumia mizani wangefanya vile vile kwa kurusha sarafu.

Septemba 2024, dhidi ya New Orleans, Smith alipigwa akiwa tayari ameshikwa na kusimamishwa na mabeki wengine. Aliyempiga ni mtu wa mstari wa mbele mwenye zaidi ya kilo 130. Akatoka na mtikisiko wa ubongo. Siku ile mtandaoni walirudi wale wa 2021: tuliwaambia. Nilijaribiwa kujiunga nao, dau langu lilikuwa bado lina pumzi. Kisha nikarudia ile hesabu: dhidi ya kilo 130, faida ya mdakaji kuwa na 90 badala ya 75 inashuka chini ya asilimia 7. Pigo lile lilikuwa tatizo la sheria na la mwamuzi kuchelewa kupuliza filimbi. Kulifanya kuwa tatizo la chakula anachokula aliyepigwa ni kumwonea.

Tarehe 10 Februari 2025 nilikuwa nimesharudi Dar, nikaangalia Super Bowl kwenye simu alfajiri, bando likikatakata. Robo ya tatu, Jalen Hurts akarusha mpira mrefu, yadi 46, na yule kimbaumbau akaupokea ndani ya eneo la kufungia bila beki wa kumgusa. Eagles 40, Kansas City 22. Upande wa walioshindwa, aliyedaka yadi 157 na tachidauni 2 alikuwa Xavier Worthy, kilo 75, aliyechaguliwa namba 28 mwaka uliotangulia huku watu wakiuliza swali lile lile.

Dakika chache baadaye simu ikaita, namba ya Philadelphia. Sikupokea. Nyama choma namdai muda wa kutosha kuitafuta, maana anataka ya mbuzi, na anataka kilo 75.